Tundu Aliloliziba Kauka

Ulikuwa mwaka ule daraja la mtoni lilipofungwa. La, nasema uongo. Daraja lilifungwa mwaka uliofuata, maana siku ya habari hii pikipiki ilipita juu yake, na bila kupita pale isingefika. Basi tuseme ulikuwa mwaka mmoja nyuma, majira yale umeme ulipokuwa ukikatika mchana kweupe bila kuaga, nasi tukauzoea kama mtu anavyomzoea shemeji asiye na saa: akija karibu, akiondoka haya.

Mtaani kwetu alikuwapo fundi bomba mmoja, mwembamba, mpole, vidole vimepauka kwa gundi. Jina alilopewa na wazazi wake tulilisahau. Tulimwita Kauka, kwa sababu kila alipounga bomba na mwenye nyumba akataka kufungulia maji, yeye alimzuia kwa kiganja: subiri ikauke. Hata mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake, akimwekea chai mezani alimwambia, "Kunywa tu, baba watoto, hiyo haingoji kukauka."

Sasa Kauka alikuwa na siri ambayo haikuwa siri. Aliogopa maji. Watu walicheka, fundi bomba kuogopa maji ni kama kinyozi kuogopa nywele, lakini yeye alikuwa na maelezo yake. Maji ya bombani hakuyaogopa. Hayo, alisema, ni wapita njia, yana haraka zao. Aliyaogopa maji yaliyokaa: ya pipa, ya kisima, ya tangi la juu ya nyumba. Akipanda kuunga tangi la juu alifanya kazi amelipa mgongo, huku akigeuka kila mara, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyefungwa kwa kamba asiyoiamini. Maji yaliyokaa yanakutazama, alisema. Yanangoja ukosee.

Ndipo akaja Daktari wa meno. Huyu bwana alikuwa na baba yake nyumbani, mzee aliyekuwa dereva wa malori enzi zake, mtu wa kucheka mpaka kofia ianguke. Kiharusi kilimpiga siku moja anafunga kamba za viatu. Kikamchukua miguu, kikamchukua ulimi, kikamwachia macho na mkono mmoja usio na nguvu. Alikalishwa kwenye kiti asubuhi, akaondolewa jioni. Machozi yalimtoka tu, hayana sauti. Siku moja Daktari alimpeleka kwenye chumba chake cha kutibia, na pale wagonjwa wanapongojea kulikuwa na kitangi kidogo cha samaki. Mzee akakitazama. Machozi yakakatika. Alipoondolewa pale yakaanza upya. Daktari alikuwa mtoto wa pekee, na ni mtu asiyejua kufanya jambo kwa kiasi. Akaagiza tangi la kioo la kuziba ukuta mzima wa sebule.

Kauka alipoliona alitaka kurudi nyumbani. Lilikuwa refu kama kitanda cha watu wawili, lina kina cha kufika kifuani, limekalishwa juu ya meza ya chuma yenye kabati chini yake. Halikuwa na maji bado, na bado lilimtazama. Akapiga hesabu ya uzito kichwani, akaiacha katikati, kwa sababu jasho lilianza kumtoka. Lakini mzee alikuwa pale kwenye kiti chake, ameelekezwa kwenye kioo kitupu, anangoja. Kauka akaona haya kumpa mgongo mtu anayengoja. Akatua begi la vifaa.

Muuza samaki wa mapambo, jamaa mnene aliyeitwa Mapezi, ndiye aliyeleta tangi, pampu na baadhi ya mabomba yaliyokwisha kukatwa, akaeleza kazi kwa haraka maana gari lilikuwa linamngoja. Si kazi ngumu kuielewa. Tangi la juu ni la samaki. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo la kuchujia. Maji yanafurika kutoka juu kwa bomba la kushukia, yanapita kwenye pamba, halafu sponji, halafu mawe yenye vinyweleo, yakifika mwisho yamekuwa masafi. Hapo pampu inayachukua na kuyarudisha juu kwa bomba la kupandishia. Yanazunguka hivyo usiku na mchana kama damu mwilini. Mapezi alisema hivyo, kama damu, akacheka, akapanda gari akaenda zake.

Kauka hakucheka. Alifanya kazi ile kama mtu anayetega bomu. Kila ncha aliisugua kwa msasa, akaifuta, akapaka gundi, akaisukuma na kuizungusha kidogo, akaishika huku anahesabu moyoni. Kila alipomaliza kiungo alikizungushia karatasi ya chooni, ili unyevu ukipita hata kama jasho la sisimizi, karatasi imwambie. Na kwa kuwa nyumbani mchana hapakuwa na mtu ila mzee na dada wa kazi aliyekuwa na shughuli zake uani, Kauka alizungumza na mzee. Alimweleza mambo ambayo hata mkewe hakuambiwa. Kwamba usiku anaota viungo vikifunguka kimoja baada ya kingine. Kwamba alipokuwa mdogo alizamishwa kichwa na wenzake kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, kwa mchezo tu, na mchezo ule haujamwisha mpaka leo. Mzee alimtazama. Mtu asiyeweza kujibu ni msikilizaji mzuri, hakukatizi wala hakupi ushauri.

Siku ya kujaza ikafika. Daktari mwenyewe alikuwapo, amekunja mikono ya shati. Maji yakapanda taratibu, na kioo kikatoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayeketi na kuguna. Kauka akarudi nyuma mpaka ukutani. Daktari akamwuliza kama ni kawaida. Akajibu ni kawaida, ingawa hakujua kama ni kawaida.

Wakawasha pampu. Maji yakaanza mzunguko wake, karatasi zote zikakaa kavu, na Kauka akaanza kupumua. Ndipo alipoliona. Kwenye lile bomba la kupandishia, lililoletwa na Mapezi, karibu na pale linapopinda kuingia tangini, palikuwa na tundu. Dogo, la kupita njiti ya kibiriti. Likarusha uzi mwembamba wa maji, ukagonga kioo, ukalia tsss.

Kauka alihisi uso unamchoma. Mbele ya mwenye nyumba! Fundi aliyemfundisha kazi alimlea kwa methali moja tu, asubuhi na jioni, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na tundu la bomba lenye nia njema. Akazima pampu, akakausha, akalijaza gundi, akazungushia tepu nyeupe juu yake, na akangoja ikauke. Alipowasha tena, tundu lilikuwa kimya kama halijazaliwa.

Daktari akafurahi, ila akasema bado maji yanapiga kelele pale yanapoingia, na mzee hulala kidogo mchana. Kauka akaongeza kipande cha bomba, mdomo ukashuka chini kabisa ndani ya maji. Kelele ikaisha. Jambo la mwisho lilikuwa umeme. Soketi ya ukutani ilikuwa mbali, kwa hiyo akavuta kebo ya kuongezea, akailaza sakafuni nyuma ya kabati, karibu na kiti cha mzee, akamwambia Daktari wamwite fundi umeme aje aipandishe ukutani. Daktari akaahidi. Ahadi ya mtu mwenye shughuli nyingi unaijua.

Samaki wakatiwa ndani. Wa manjano, wa bluu, mmoja mwekundu mwenye mkia kama kanga iliyoanikwa. Mzee akakaa mbele yao, na machozi yakakatika kweli. Kauka alikwenda nyumbani siku ile anatembea kama bwana harusi, na kwa wiki nzima umeme haukukatika, naye hakuota kitu.

Siku ya siku, mchana, alipita dukani kwa Mapezi kuuliza kama kuna kazi nyingine ya namna ile. Fikiria, mtu aliyeogopa maji sasa anaomba tena. Mapezi alikuwa anawalisha samaki. Kauka akaegemea kaunta, akatazama tangi kubwa la dukani, akaona kwenye bomba lake la kupandishia tundu dogo, pale pale kwenye kona, linarusha uzi wa maji.

Akacheka kicheko cha mtu aliyempata mwenzake. Akamwambia Mapezi kumbe na wewe mabomba yako yana ugonjwa huu, lete gundi nikuzibie bure, kama nilivyoliziba la kwa Daktari.

Mapezi akaacha kulisha. Mkono ukabaki hewani, umebana chakula cha samaki.

"Uliziba?"

"Niliziba. Lilikuwa linavuja mbele ya watu."

Kabla Mapezi hajasema neno, feni ya dari ikapunguza mwendo, redio ikanyamaza, taa za matangi zikazimika zote. Umeme ulikuwa umeondoka. Na katika ule ukimya Kauka aliona kwa macho yake. Pampu ilipokufa, maji ya tangi la juu yalianza kurudi chini kwa bomba lile lile la kupandishia, kinyumenyume, yanajivuta yenyewe. Yakashuka kidogo tu. Tundu likafyonza hewa kwa sauti ya mtu anayenyonya mfupa, na maji yakasimama papo hapo.

"Umeona?" Mapezi akasema polepole. "Hilo si tundu. Hiyo ni pua. Likivuta pumzi, maji yanaacha kurudi. Sasa lile la kwa Daktari halina pua. Mdomo wa bomba ulikuwa wapi, juu au chini?"

Kauka akashika kaunta. Alikuwa anauona ule mdomo, chini kabisa, alikoushusha mwenyewe. Maji yote yaliyo juu yake yatarudi kwenye lile tangi dogo la kabatini, ambalo haliwezi kubeba hata nusu yake. Yatafurika. Yatatafuta sakafu. Na sakafuni kuna kebo, na karibu na kebo kuna kiti, na kwenye kiti kuna mtu ambaye miguu yake hukaa mahali ilipowekwa.

Laini ya umeme ya dukani na ya kwa Daktari ilikuwa moja.

Mapezi alikuwa ameshapiga simu. Akapokea msaidizi wa Daktari, akasema Daktari ana mikono miwili kinywani mwa mtu. Mapezi akamwambia amwambie aache jino, baba yake yuko hatarini. Kauka hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa barabarani, anasimamisha pikipiki kwa mikono yote miwili.

Nimeshasema pikipiki ilipita darajani. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, akamwuliza mzee wangu unafukuzwa na nani, Kauka akamwambia twende tu. Alimshika kiunoni kama mtoto. Kichwani mwake alikuwa na neno moja la kujifariji, nalo ni hili: umeme haupo. Maji yatakuwa yamejaa sebuleni, ndiyo, mazulia yataloa, lakini maji bila umeme ni maji tu, hayaui mtu aliyekaa kitini. Maadamu umeme haujarudi. Maisha yake yote hakuwahi kuomba kiza. Siku ile aliomba. Alimwomba Mungu auzuie umeme kama watu wanavyomwomba mvua, aliwaombea wale jamaa wa mitambo wachelewe, wagombane, wapotewe na funguo.

Walipoingia mtaa wa maduka, upande wa pili wa daraja, redio ya kinyozi ikalia. Halafu ya duka la vyombo. Mashine ya kusaga ikanguruma. Watoto waliokuwa wanacheza wakapiga kelele ya furaha, ile kelele tunayoijua wote, umeme umerudi, na kila mlango ukatoa mtu anayetabasamu. Kauka alisikia furaha ile ikimpita masikioni kama anasomewa hukumu. Alitaka kumwambia dereva aongeze mwendo, badala yake akambana kiunoni mpaka kijana akalalamika.

Lango la kwa Daktari lilikuwa wazi. Dada wa kazi alikuwa uani anaanika mashuka, anaimba. Akamwona Kauka anakuja mbio na kiatu kimoja, kingine kimeanguka njiani, akaacha kuimba.

"Dada, usiingie ndani. Mzee yuko wapi?"

"Si sebuleni, kaka, na samaki wake. Kuna nini?"

Chini ya mlango wa sebule maji yalikuwa yanatoka kwa utulivu, yakishuka ngazi moja baada ya nyingine, hayana haraka. Kauka akayatazama. Yalikuwa yamekaa ndani, yalingoja, na yeye alikuwa amekosea. Kwa ndani ilisikika pampu ikiunguruma. Basi kebo ina moto, na iko majini.

Swichi kuu ya nyumba ile ilikuwa barazani nje, ndani ya boksi la chuma. Akatazama miguu yake: mmoja una kiatu cha mpira, mwingine mtupu. Maji yalikuwa yameshafika pale chini ya boksi, utando mwembamba tu wa kung'aa. Alisimama. Sitaki kukudanganya kwamba alirukia kama simba. Alisimama, na dada wa kazi akasema baadaye kwamba alidhani fundi anasali. Halafu akainua ule mguu mtupu, akabaki na wa kiatu peke yake kama korongo, akaruka, akaruka tena, akachukua ufagio wa mti uliokuwa umeegemezwa ukutani, na kwa mpini wake akaisukuma swichi chini. Pampu ikanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza.

Sasa palibaki kufungua mlango. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba hakuna kazi aliyowahi kufanya nzito kuliko kile kitasa. Alimwita mzee kutoka nje. Mzee, ambaye hakuwahi kumjibu mtu tangu apigwe na kiharusi, hakumjibu. Akaita tena, kama mjinga, akingoja. Mwishowe dada wa kazi, analia, akamwambia kaka, fungua au nifungue mimi.

Akafungua.

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Magazeti yalikuwa yanaelea, na ile kebo ilikuwa imelala chini yake kama nyoka aliyeshiba. Samaki walikuwa wamesongamana katika nusu ya tangi iliyobaki. Na kandambili za mzee zilikuwa zinaelea katikati ya chumba, moja mbele, moja nyuma, kama zinatembea zenyewe.

Mzee alikuwa kitini pake. Macho wazi. Yalihama kutoka kwa samaki yakaja kwa Kauka, yakatulia. Alikuwa hai. Miguu yake yote miwili ilikuwa juu ya kiti, imekunjwa chini yake, mikavu, kama mtoto aliyejikunyata asiloe.

Kauka akaketi palepale majini.

Daktari alifika na koti lake la kazi, lina damu ya jino la mtu. Kauka alimweleza yote, tundu, gundi, mdomo wa bomba, kebo, hakuficha. Daktari alisikiliza, akasema kosa la kebo lilikuwa lake yeye, akapiga magoti mbele ya baba yake. Akambinya nyayo, akamkuna kwa ncha ya kalamu, akamwomba asogeze hata kidole. Hakuna kitu. Miguu ilikuwa mizito, baridi, imekufa kama jana. Akamgeukia dada wa kazi, akamshukuru kwa kumwinua baba.

"Sikumwinua mimi, Daktari," dada akasema. "Nilimwacha miguu chini, kandambili nimemvalisha mwenyewe. Tangu asubuhi sijaingia humu."

Lango lilikuwa wazi, ndiyo, lakini hakuna jirani aliyeingia, na mlango wa sebule ulikuwa umefungwa. Waliulizana, wakachoka, wakachukua vitambaa wakaanza kukausha. Watu wakishindwa kuelewa jambo hushika ufagio.

Kesho yake fundi umeme alikuja akaipandisha ile kebo ukutani. Kauka akakata kile kipande cha bomba, akaurudisha mdomo juu, akapasha msumari moto jikoni kwa dada, akatoboa upya lile tundu. Alipima mara tatu, akiogopa atatoboa mawili. Walipowasha, uzi wa maji ukagonga kioo, ukalia tsss, na safari hii Daktari alisema auache ulie.

Akaifanya kazi ya kuhudumia lile tangi kwa muda mrefu, kufua sponji, kubadili pamba, kusafisha mawe. Hofu yake ya maji haikumwisha, kama unangoja niseme ilimwisha. Ilihama tu. Sasa, kila alipoingia sebuleni, kabla ya kutazama tangi alitazama miguu ya mzee, na kila mara aliikuta chini, pamoja, ndani ya kandambili, ilivyowekwa. Mchana, nyumba ikiwa tupu, alizima pampu ili pawe kimya, akachuchumaa mbele ya kile kiti, akamwinamia mzee sikioni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kujibiwa. Mzee alitazama samaki. Akamwuliza mwaka ule, na mwaka uliofuata daraja lilipofungwa, na wiki ile ya mwisho kabla mzee hajazikwa, neno lile lile:

"Baba, siku ile, ni nani aliyekupandisha miguu?"